Mnauliza kwa nini tumemzika huku

Ndugu zangu, poleni. Leo naanza na pole, zile salamu za siku zote tuziache. Nyinyi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wa Kigoma mjini, wa Baraka na Uvira kule Kongo, nimesoma maswali yenu tangu Jumamosi, na wengi mnauliza neno moja tu: kwa nini mtoto hakurudishwa nyumbani? Jina lake sitalitaja, mama yake ameniomba. Wanaomjua wanamjua.

Arudishwe wapi? Nawauliza kwa heshima, maana hata sisi hapa Des Moines, Marekani, tulilijadili usiku kucha. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Fizi, Kongo, kwenda Tanzania kwenye vita vya 1996. Yeye akazaliwa kambini. Kijiji cha babu yake hakukiona hata siku moja. Kambi ndiyo aliyoikumbuka, lakini kambi si kwao. Hata kale kabustani ka mchicha nyuma ya nyumba hatukuwahi kuambiwa ni ketu. Mzee mmoja akasema, azikwe mahali ambapo mama yake akimkumbuka anaweza kuamka tu akaenda. Maneno yakaishia hapo.

Alikuwa na miaka 20. Alitoka zamu ya usiku, kiwanda cha nyama, alfajiri, na barabara ilikuwa na ile barafu nyembamba ambayo huioni, unaona lami nyeusi kama kawaida. Gari likateleza. Basi. Wenye ile picha ya gari kwenye magrupu ya WhatsApp, nawaomba muifute. Wadogo zake nao wana simu.

Mnajua kilio cha kwetu. Moto nje, watu wamelala kwenye mikeka, huyu kaleta kuni, yule kaleta unga kwenye bakuli, nyimbo mpaka kunakucha. Huku tulikuwa kwenye nyumba ya ghorofa, kuta nyembamba, watu wa ghorofa ya chini wanaamka kwenda kazini. Ilipofika saa nne usiku tukashusha sauti, tukaimba nyimbo zetu za Kibembe kwa kunong'ona. Mama yake akawa anajiziba mdomo na kitenge. Nimekaa vilio vingi kambini, watoto tumewazika sana, lakini mama anayelia kwa kujificha sijawahi kumwona. Na wala hakuna jirani aliyetugombeza usiku ule. Ni woga wetu wenyewe, na mimi jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Mmeuliza pia habari za pesa. Mazishi huku yanapita dola 8,000 bila shida, na hapo kaburi lenyewe bado hujalinunua. Makaburi mengi yanadai pia sanduku la zege, linatangulia shimoni, jeneza linaingia humo. Sisi ni familia kama 30, Wakongo, Warundi na Watanzania. Wengine walituma kwa simu, kwa Cash App, kina mama walileta noti zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Tukatimiza.

Siku ya kuzika udongo ulikuwa umeganda, shimo lilichimbwa kwa katapila. Huku mara nyingi watu wanasali, wanaweka maua, wanaondoka jeneza likiwa bado juu. Kufukia ni kazi ya watu wa makaburi. Wawili walisimama pembeni wakitusubiri tuondoke. Hatukuondoka. Vijana wakaomba sepetu. Wale wakatazamana, kisha mmoja akaenda kwenye gari akaleta mbili, tukapokezana, wanaume kwa wanawake. Udongo wenyewe mabonge kama mawe. Likigonga kile kifuniko cha zege unalisikia mpaka kwenye meno.

Bibi, najua ulikuwa unatufuatilia kwa simu ya jirani. Huku ilikuwa saa tano asubuhi, huko saa mbili usiku, na mtandao ukakatika mara nne. Ulipokatika mara ya mwisho ndipo mwanao alipotupa udongo wake. Nimekirekodi kipande hicho. Nitamtumia jirani leo, atakuonyesha.

Kuna jambo moja sijalisema. Huyu kijana ndiye aliyekuwa anatusomea barua. Alikuja ana miaka 9, kufika 13 tayari alikuwa anakaa katikati ya daktari na watu wazima, akitafsiri. Fikirini, mtoto wa umri ule kumwambia mama mtu mzima kwamba ana uvimbe tumboni. Alikuwa anayasema taratibu, kwa adabu, halafu anamsindikiza mpaka mlangoni. Hakuna aliyewahi kumlipa, na sikumbuki kama tulimshukuru vya kutosha.

Tulipotoka makaburini mzee mmoja aliniita kando, akatoa bahasha kwenye koti. Alikuwa nayo tangu kabla ya ajali, akimsubiri kijana amalize zamu zake aje amsomee. Hakuwa ameifungua. Nikaifungua mimi. Ilikuwa miadi ya macho, Alhamisi hii saa tatu asubuhi. Nimemwambia nitampeleka.