Spea haitafutwi kwa jina: nilivyoifufua Landrova 109 ya shamba

Marahaba wanangu. Na ninyi wakulima wenzangu mliotoka Karatu alfajiri, poleni na safari. Mwalimu wa karakana ameniomba nieleze nilikozipata spea za ile Landrova mliyoipita getini. Nitaeleza, lakini nianze na difu, yale meno ya katikati ya ekseli yanayozungusha magurudumu, maana difu ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Gari lile ni Land Rover Series IIA, pikapu, la mwaka 1965. Sisi tunaliita mia na tisa, na hizo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Marehemu baba yangu alilinunua likiwa limeshatumika, akalibebesha vitunguu kutoka Mang'ola kupanda Karatu mpaka alipoishiwa nguvu. Alipofariki likawekwa chini ya mgunga, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Likakaa hapo miaka kumi na mmoja. Nilipoamua kulifufua nilikuta difu ya nyuma imesagika meno. Nikampa kijana hela, nikamwambia nenda mjini uniletee difu ya Landrova.

Akaileta. Ikaingia bila shida, bolti zote zikakaa mahali pake, tukashangilia.

Masika ilipoanza nikakwama kwenye tope. Nikabonyeza kile kirungu cha njano ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na gari likatoka vizuri kabisa. Nikaingia kwenye changarawe ngumu kabla sijakitoa. Usukani ukawa mzito, gari likaanza kurukaruka kama limefungwa kamba kwa nyuma, halafu nikasikia kishindo chini ya miguu yangu. Transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, ilikuwa imepasuka.

Sikilizeni sababu. Difu ya asili ya gari lile ina uwiano wa 4.7. Krauni, ile gia kubwa, ina meno 47; pinioni, ndogo inayoizungusha, ina meno 10. Gawanya, utapata 4.7. Difu tuliyonunua ilikuwa ya 3.54, ile iliyofungwa kwenye Range Rover na Defender. Kwa nje zinafanana, na zote mbili zinaingia kwenye nyumba ileile. Lakini ukiunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, propela zote mbili, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, zinazunguka sawasawa, huku magurudumu ya nyuma yanataka kwenda mbali kuliko ya mbele. Kwenye tope gurudumu linateleza, ugomvi unaisha hapo. Kwenye ardhi ngumu hakuna pa kuteleza, kwa hiyo kitu kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachokatika.

Aliyetuuzia hakutudanganya. Tulimwomba difu ya Landrova, akatupa difu ya Landrova. Kosa lilikuwa kwenye ombi letu. Tangu siku ile sitafuti spea kwa jina. Naitafuta kwa namba, na namba ikikosekana, naitafuta kwa kipimo. Ingetosha kijana wangu aizungushe pinioni kwa mkono pale pale kaunta, ahesabu ni mizunguko mingapi mpaka krauni imalize mmoja. Angepata mitatu na nusu badala ya karibu mitano, angeirudisha. Ni kazi ya dakika moja.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani kwenda kutafuta chochote, lisome gari lenyewe. Chukua brashi ya waya, tambara na dizeli kidogo. Namba ya chasisi iko kwenye kibati ndani ya kebini, na imegongwa pia kwenye chasisi yenyewe, mbele kulia, karibu na mshikio wa springi. Kibati kinaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, kwa hiyo mimi naanza na ile ya kwenye chuma. Kwa Series IIA, tarakimu tatu za mwanzo zinakwambia aina ya gari: ni fupi au refu, petroli au dizeli, usukani uko upande gani. Mwishoni kuna herufi, kuanzia A. Wengi wanaiacha herufi hiyo wakidhani ni pambo. Kiwanda kilikuwa kinabadilisha herufi kila kinapofanya badiliko kubwa, na spea ya herufi moja inaweza kukataa kabisa kukaa kwenye gari la herufi nyingine.

Halafu soma namba ya injini, ya giaboksi, ya kila ekseli. Kila kimoja kina namba yake, na kwa gari la miaka sitini usitegemee vitakuwa ndugu wa tumbo moja. Langu nililikuta na injini ya Series III, toleo la baadaye. Baba hakuwahi kulisema, nadhani hata yeye aliuziwa hivyo. Kama ningeagiza spea za injini kwa mwaka wa gari ningepata hasara ya pili. Na ukitaka kujua gari lilitengenezwa lini na likapelekwa wapi, jumba la makumbusho la magari lililopo Gaydon, Uingereza, linatunza madaftari ya kiwanda. Unawapa namba ya chasisi, unalipia, wanakupa cheti. Nilipopata cha gari letu nilikaa nacho barazani jioni nzima.

Tuje kwenye namba za spea. Za zamani ni tarakimu tupu. Baadaye zikawekewa herufi tatu mbele, na herufi ya kwanza inasaidia sana: E mara nyingi ni injini, F ni giaboksi na ekseli, N ni chasisi. RTC utaikuta kwenye vitu vya kila namna. Namba ya zamani inaweza kuwa imerithiwa na mpya, kwa hiyo muuza duka akikwambia haipo, mwombe aangalie iliyochukua nafasi yake. Niliambiwa "haipo" mara tatu juu ya silinda moja ya breki, kumbe ipo rafuni kwa namba nyingine.

Beringi ndizo rahisi kuliko zote, na ndizo watu wanazolipia bei ya juu bila sababu. Beringi haikutengenezwa na kiwanda cha gari. Imetengenezwa na kiwanda cha beringi, na namba imechongwa pembeni ya ringi. Isafishe, isome. Mkikuta 6205, mjue tarakimu mbili za mwisho mkizizidisha kwa 5 mnapata tundu la ndani: milimita 25. Kipenyo cha nje ni 52, unene 15. Beringi hiyo ni hiyohiyo kwenye pampu ya maji, kwenye mashine ya kusaga, kwenye mota. Unaingia duka la beringi na namba yako, hutaji neno Landrova, na bei inashuka. Zile za koni za kwenye magurudumu nyingi ni za vipimo vya inchi na namba zake zinakwenda kwa utaratibu mwingine, lakini nazo zimeandikwa. Sili za oili vilevile: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Kama maandishi yamefutika, usipime ile sili iliyochakaa, pima shafti na tundu inamokaa.

Sasa hesi za bolti, ile mizunguko iliyochongwa ili nati ishike. Hapa naomba wanafunzi mnisikilize kwa makini, maana kuna vyuma vingi vilivyoharibiwa na mafundi wazuri. Magari haya yalitoka kiwandani wakati Waingereza wanahama kutoka hesi zao za zamani kwenda za Kimarekani. Kwenye Series I mtakuta BSF na BSW, za zamani za Kiingereza. Kuanzia Series II nyingi ni UNF, hizo za Kimarekani, lakini za zamani zimebaki hapa na pale. Bolti ya robo inchi ya BSF ina hesi 26 kwa inchi. Ya UNF ina 28. Ya inchi tatu kwa nane, BSF 20, UNF 24. Nati itaingia mizunguko miwili, itakaza, na fundi mwenye haraka atasema ni kutu, ataongeza mpini kwenye spana. Ameshaua hesi zote mbili. Nati inayokataa kwenda kwa vidole, itoe uipime. Kipimo cha hesi ni vile visahani vyenye meno, si ghali, na ndicho kifaa cha kwanza ningemnunulia kijana anayeanza kazi hii. Hata kabla ya spana.

Umeme nitaupitia haraka. Gari la 1965 limeungwa kinyume na mliyozoea: waya wa chanya wa betri ndio ulioungwa kwenye bodi. Ukilifungia oltaneta, ile inayochaji betri, ya Series III bila kugeuza mfumo, utaiunguza dakika ileile.

Mnataka kujua nilikozipata. Kwanza, kwenye mizoga. Mashamba ya zamani, yadi za misheni, nyuma ya gereji za makampuni ya watalii, utakuta Landrova zimelala na nyasi zimeota kwenye boneti. Bodi yake haiozi kama bati la kawaida, kwa sababu ni Birmabright, aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu. Gari hili lilizaliwa 1948, chuma kikiwa cha mgao Uingereza baada ya vita, ndiyo maana wakaweka aluminiamu. Milango, boneti na madgadi ya gari langu yametoka kwenye mizoga miwili tofauti. Panapoliwa ni pale aluminiamu inapogusana na chuma, pakiingia unyevu. Wenye mizoga hawapendi mtu anayekuja na lori kubeba kila kitu. Nenda na orodha fupi ya namba, salimia, keti, kunywa chai. Mzee mmoja alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na gunia la vitunguu na picha ya baba akiwa ameegemea gari. Akanifungulia banda lake mwenyewe.

Pili, madukani. Eneo la Gerezani kule Dar es Salaam, na Nairobi barabara ya Kirinyaga. Kenya usiipuuze: kiwanda cha Thika kilichoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya kilikuwa kikiunganisha Land Rover, kwa hiyo vitu vya Series III viliingia kule kwa wingi. Hispania nako, kiwanda cha Santana mjini Linares kilizitengeneza kwa leseni, na vitu vyake vingi vinaingiliana na vya Kiingereza ukivipima kwanza. Na kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha, Oktoba 2024, nilipata watu watatu wenye gari kama langu. Mpaka leo tunapigiana simu: mimi nina giaboksi ya ziada, mwenzangu ana kabureta.

Tatu, kutengeneza. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chasisi ya Series ni mabamba manne bapa yaliyochomelewa yakawa boksi, basi. Yetu ililiwa na magadi ya kando ya Ziwa Eyasi, kutokea ndani kwenda nje, kwa nje rangi bado inang'aa. Niligonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua, palipolia kizito nikaweka chaki. Fundi wetu wa kuchomelea alikata palipooza akaweka bamba jipya la unene uleule, gari likiwa limetegemezwa sawa na vipimo vimechukuliwa pembe kwa pembe kabla ya kukata. Bushi za pedali ya klachi nilikerezewa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha kwa shaba nyeusi. Nilimpelekea mkerezaji bushi ya zamani pamoja na pini yake. Na hilo ndilo ombi langu kubwa kwenu: usitupe kitu kibovu mpaka kipya kimeingia na gari limetembea. Kile kibovu ndicho mama wa kipya. Vijana wangu walifagia karakana siku moja wakauza vyuma chakavu kwa kilo, na ndani yake kulikuwa na vishikio vya paa ambavyo mpaka leo sijapata mfano wake.

Kuna swali huku nyuma. Ndiyo mwanangu. Anauliza, kwa nini nisingefunga injini ya Kijapani nikamaliza?

Ni swali zuri, na wakulima wengi wamefanya hivyo, gari linafanya kazi, sina neno nao. Lakini injini ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 inatengenezeka kwa vifaa vilivyopo hapa mjini. Silinda ni milimita 90.47, zinachongwa, unaweka pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo, na ukubwa umegongwa juu ya pistoni: 20, 30 au 40, maana yake sehemu za elfu za inchi. Ukiing'oa, umeondoa kitu ambacho fundi wa kijijini anakimudu. Na kwangu mimi kuna sababu nyingine. Nataka kuusikia mlio ambao mama alikuwa akiusikia kutoka mbali, anaweka maji ya ugali jikoni.

Breki na usukani, hapo sina mjadala. Raba za breki zilizokaa rafuni miaka arobaini, hata kama ziko kwenye karatasi ya kiwandani, usifunge. Raba inazeeka ikiwa imelala. Nunua mpya. Na kitu cha usukani kilichopasuka hakichomelewi.

Muda umekwisha na jua bado si kali. Nimekuja na brashi tatu za waya na dizeli kwenye chupa. Tutoke getini, mje mmoja mmoja mlale chini ya gari, kila mtu aniletee namba moja aliyoisoma mwenyewe, nami nitamwambia ni ya nini. Ile ya ekseli ya mbele sijaifikia bado, imefunikwa na lami. Atakayeisoma aniandikie.