Jasusi anapotaka kutubu

SAUMU: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu. Tumekaa ghorofani huku Kibokoni, Mombasa, madirisha wazi kwa ajili ya joto, kwa hivyo mkisikia tuktuk au muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mtuwie radhi.

ATHMANI: Waaleikum salaam. Mimi Athmani. Leo dada Saumu ana jambo limemkaa moyoni.

SAUMU: Mwezi wa pili huu. Mwajua naandika riwaya ya kijasusi. Mtu wangu ni mzee wa miaka sabini na kitu, auza kahawa chungu na kashata Mji wa Kale. Hapa mtaani wamjua kwa dele lake tu. Kumbe miaka ya 1980 alikuwa shushushu. Alijifanya rafiki wa vijana waliokuwa wakikaa barazani kuzungumza siasa, akienda kwake akiandika ripoti. Kijana mmoja akachukuliwa usiku, akapelekwa Nairobi, Nyayo House. Hakurudi.

ATHMANI: Hapo tuwaeleze vijana wanaotusikiliza. Nyayo House ni jengo lile lile tunalopanga foleni kutafuta pasipoti. Chini yake kulikuwa na vyumba ambamo watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, waliteswa wakati wa Moi. Wengine waliwekwa uchi ndani ya maji. Waliotoka wamesimulia, na mahakama imewaamulia fidia. Hayo si ya kutunga.

SAUMU: Ndiyo maana nilitaka niyaandike vizuri. Sasa, mara ya kwanza nilimwokoa mzee wangu kwa bastola. Zile kazi zake za zamani zinamrudia, kuna msichana anawindwa, wanafukuzana mpaka feri ya Likoni, anamkinga yule msichana, anapigwa risasi, anafia pale Mama Ngina akiitazama bahari. Nikaona nimemaliza. Nikamsomea mamangu. Alikuwa achagua mchele kwenye ungo, hakuinua hata uso. Akaniambia, “Haya, huyo amekufa vizuri. Na mamake yule kijana, yeye amepata nini?”

ATHMANI: Subhanallah.

SAUMU: Sikulala. Nilizifuta kurasa arubaini.

ATHMANI: Mama amekurudisha madrasa. Tulifundishwa nini sisi? Toba ina masharti. Uiache dhambi, ujute, uazimie kutoirudia. Hayo matatu ni yako wewe na Mola wako. Lakini ukiwa umemdhulumu mtu, linaongezeka la nne, haki ya mja. Umrudishie mwenyewe, au akuhalalishie. Huwezi kumwibia Ali halafu ukamwokoa Juma, ukasema sasa tuko sawa.

SAUMU: Lakini kijana amekufa, Athmani. Amrudishie nini?

ATHMANI: Hapo ndipo pagumu. Juzi nilikuwa nasoma habari za Craig Williamson, jasusi wa makaburu wa Afrika Kusini. Miaka ya 1970 alijitia mwanafunzi mpinga ubaguzi, akapanda mpaka kuwa naibu mkurugenzi wa shirika moja la misaada kule Geneva. Kina Schoon, mume na mke wapinga ubaguzi waliokuwa uhamishoni, walimjua kama mwenzao. Mwaka wa 1982 Ruth First, mwandishi mpinga ubaguzi, aliuawa kwa bomu la bahasha akiwa ofisini kwake, chuo kikuu, Maputo. Mwaka wa 1984 likapelekwa jingine Lubango, Angola, likamuua Jeanette Schoon na bintiye Katryn. Mtoto wa miaka sita! Williamson alikiri kuhusika na yote mawili mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, ile iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi, na mwaka wa 2000 akapewa msamaha wa kisheria. Familia zilipinga.

SAUMU: Na sheria ile haikumtaka mtu aombe radhi.

ATHMANI: Haikumtaka! Ilitaka mambo mawili: useme ukweli wote, na uonyeshe ulifanya kwa ajili ya siasa. Majuto hayakuwa sharti. Mimi hilo lanichoma. Msamaha bila majuto ni karatasi.

SAUMU: Hapo mimi nawe tutaachana kidogo. Majuto ya mtu utayapimaje? Mahakama gani itauona moyo? Lakini ukweli waonekana. Kuna mama kule Afrika Kusini hawakuwa wakijua watoto wao wamezikwa wapi, mpaka wauaji walipokwenda kuonyesha makaburi. Mama anayekaa na kaburi si sawa na mama anayekaa na mlango wazi.

ATHMANI: Hilo siwezi kulipinga.

SAUMU: Nikalifikiri hivi. Jasusi huiba nini? Maneno. Bastola ni ya sinema. Hapa hapa kisiwani, mwaka wa 1942, Waingereza walipowakimbia Wajapani kutoka Colombo, waliwaleta wavunja siri wao, yaani wafumbuaji wa maandishi ya kificho ya adui, shule ya Allidina Visram.

ATHMANI: Wengi hawaijui hiyo.

SAUMU: Walikuwa watu wa makaratasi na penseli, wakasoma siri za meli za biashara za Kijapani humo darasani. Kazi yote ni kusikiliza na kuandika. Basi mzee wangu naye deni lake ni hilo. Alichukua maneno ya yule kijana akayapeleka kusikostahili. Ayarudishe kwa mwenyewe.

ATHMANI: Kwa mamake.

SAUMU: Kwa mamake. Sasa riwaya haina feri wala risasi mwishoni. Mzee apiga hodi nyumba moja Makadara. Ndani pana bibi kikongwe, amekaa mkekani asuka ukili. Mzee ataja jina lake la kweli, asema yote: nani alimpa kazi, alilipwa shilingi ngapi, nani wengine walikuwa naye. Bibi haachi kusuka, ukili waendelea tu kurefuka mapajani. Mwisho auliza, “Mwanangu alisema nini siku ile?”

ATHMANI: Na yeye akumbuka?

SAUMU: Akumbuka kwa sababu aliandika. Ilikuwa kwenye ripoti. “Ameondoka barazani saa mbili usiku, akasema anampelekea mamake mikate ya mofa.”

ATHMANI: Eeh.

SAUMU: Hapo ndipo mikono ya bibi yasimama. Amtazama yule mzee kwa mara ya kwanza. Asema, “Haikufika.”