Usiombe Nafasi, Uliza Swali

Nianze na meseji, maana naipata kila mara na nyinyi mnaijua vizuri kwa sababu ndo mnaituma. "Habari, naomba nafasi ya intanshipu kwenye kampuni yako." Imeisha hiyo. Jina la anayeandikiwa halipo, unasoma nini hatujui, unataka idara gani hatujui, na ukiitazama tu unaona imekopiwa ikatumwa kwa watu kibao. Halafu mtu ananifuata analalamika LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, haina maana, watu wanaringa, hawajibu. Jamani, wajibu nini? Umemwomba mtu kitu ambacho hana.

Huyo unayemwandikia mara nyingi ni mwajiriwa tu, nafasi hagawi yeye. Akisema sawa anakudanganya, akisema hapana roho inamuuma, kwa hiyo anaipita meseji anaendelea na kazi zake. Sasa muulize kile alicho nacho. Anajua yeye mwenyewe aliingiaje, anajua pale wanachukua wanafunzi kipindi gani, barua inapelekwa kwa nani, kwenye usaili wanauliza nini, na anajua kama mwanafunzi akifika anapewa kazi ya kueleweka au anashindishwa kwenye fotokopi. Hayo kukwambia hahitaji ruhusa ya bosi wala nini.

Kuna binti mmoja alikuwa anasoma takwimu, kawaandikia wakurugenzi na mameneja mpaka kachoka, kimya. Nikamwambia achana na wakubwa. Fungua ukurasa wa chuo chako humo humo LinkedIn, kuna sehemu ya wahitimu, unaweza kuchuja kwa kozi, kwa kampuni, kwa mahali. Akampata kaka aliyemaliza kozi ile ile miaka michache kabla yake, yuko kampuni ya bima. Akamwandikia hivi: "Habari kaka. Nasoma takwimu mwaka wa pili, chuo ulichomaliza wewe. Nimeona uko kitengo cha madai. Naomba kuuliza, hapo mnatumia zaidi Excel au programu ya R? Nataka nijue likizo hii nijifunze ipi." Basi, hakuna kingine.

Yule kaka alijibu, tena kwa kirefu, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi yake. Binti akaenda akajifunza kweli, akarudi na swali la pili, lililotokana na kile alichojifunza. Wakaendelea hivyo, mpaka kaka mwenyewe akamwambia wanakaribia kuchukua wanafunzi, nitumie sivii niifikishe. Mnaona nani aliyetaja nafasi? Sio binti. Na hilo swali la pili naomba mlishike, kwa sababu wengi mkishajibiwa mnasema asante mnapotea, halafu mnaibuka baada ya miezi na sivii.

Najua kuna mtu hapo anasema si ndo kule kujuana tunakokupigia kelele kila siku. Hapana. Kujuana kunakouma ni kupewa kiti kwa sababu ya mjomba. Hawa wawili hawakuwa wanajuana kabisa, na hata asiye na mjomba popote anaweza kuuliza swali zuri. Na hili la kusaidiwa na mtu usiyemzoea limefanyiwa utafiti siku nyingi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika kuhusu watu wa Marekani waliopata kazi kupitia mtu, akakuta chini ya 17% tu ndo walikuwa wanaonana na huyo mtu mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara moja moja au kwa nadra. Sababu yake iko wazi, rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, mnakaa grupu moja mnafowadiana tangazo moja. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine kwenye jarida la Science, umefanyika ndani ya LinkedIn yenyewe, watu zaidi ya milioni 20, na matokeo yakaelekea huko huko, ila wakaongeza kwamba wanaosaidia zaidi si wageni kabisa, ni wale mlio na marafiki kadhaa wa pamoja. Kwa hiyo mhitimu wa chuo chako, sio mkurugenzi wa bara lingine.

Mwingine anasema atajiona msumbufu. Ujumbe wa kuomba koneksheni, yaani kuunganishwa na mtu humo LinkedIn, hauzidi herufi 300, na akaunti ya bure inabana zaidi ya hapo, utamsumbua mtu kwa sentensi tatu? Asipojibu kumbusha mara moja, kwa adabu, kisha nenda kwa mwingine, na huyo mwingine mwandikie upya, usikopi.

Muda unaniishia. Profaili: hapo chini ya jina usiandike "natafuta fursa", andika unasoma nini na unaweza kufanya nini, weka projekti ya darasani, hata moja, kama imekamilika. Kukomenti posti za watu wa fani yako kunasaidia ukiwa na la kusema, "hongera sana" haihesabiki.

Na hili la mwisho sina mzaha nalo. Mtu akikwambia nafasi ipo ila tuma hela ya fomu, ya mafunzo, ya usajili, huyo tapeli, hata kama profaili yake ina nembo ya kampuni kubwa. Usibishane naye, ripoti akaunti, kisha nenda kwenye tovuti ya kampuni uangalie kama hilo tangazo lipo. Haya, maswali, nani anaanza?