Anzeni na Ngege

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi watoto mlioketi hapa mbele, hamjambo?

Mwaka jana nilifundisha juma zima habari za bahari. Niliwaeleza wanafunzi kuhusu kasa wa Watamu, kule pwani, anavyomeza plastiki akidhani ni konyeza, yule kiumbe laini anayemla. Walijibu maswali yote. Jioni hiyohiyo nikawakuta wanatupa chupa za soda mtaroni, na mtaro ule unaingia ziwani. Kosa lilikuwa langu. Niliwapa bahari ambayo hawajaiona, nikaliacha ziwa wanalooga kila Jumamosi.

Ziwa letu, Ziwa Victoria, lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, kule Jinja, Uganda. Hapo ndipo Mto Nile unapotoka, ukashuke mpaka Bahari ya Mediterania. Sisemi chupa ya mtoto wa Nyalenda itafika Misri. Nyingi hukwama papa hapa, kwenye mafunjo na magugu maji ya Ghuba ya Winam. Lakini mtoto akijua maji ya Kisumu yana safari, bahari si hadithi tena.

Muhula huu nimeanza na ngege, yule samaki wa jamii ya tilapia. Mama ngege akishataga, huyachukua mayai kinywani na kukaa nayo humo mpaka yaanguliwe. Vifaranga wakianza kuogelea, wakiona hatari hurudi mbio mdomoni mwa mama. Siku hizo zote mama hula kidogo sana au hali kabisa. Nilipolisema hilo, darasa lilinyamaza. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na akivuliwa?"

Swali hilo sikuwahi kulipata kwa kasa.

Kutoka hapo mengine yalikuja yenyewe: kwa nini watu wasivue kwa chandarua, kwa nini uvuvi wa omena, yaani dagaa, hufungwa Aprili hadi Julai, kwa nini mafunjo ya Dunga yasichomwe ilhali samaki wachanga hujificha humo. Tukawataja fulu pia. Wazee mlio hapa mnawakumbuka, wale samaki wadogo wenye rangi nyingi. Mbuta, yaani sangara, yule samaki mkubwa anayewala wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimekwisha. Simchukii mbuta, karo za wengi wetu zimetoka kwake. Ila mtoto aambiwe ukweli wote.

Jambo moja nawasihi sana, walimu. Msimfanye mtoto wa mvuvi arudi nyumbani akimwona babake kama mhalifu. Baba huyo anajua upepo, anajua samaki wanazaliana wapi, na mengi ya hayo hayamo katika vitabu vyetu. Mwiteni darasani. Mpeni kiti cha mbele, aulizwe maswali. Mtoto akiona babake anaheshimiwa kwa anachokijua, watalizungumza ziwa jioni wakila.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa Dunga, upande wa mafunjo. Leteni watoto, na kila mmoja abebe beseni jeupe ili tuone vizuri vilivyomo majini. Na baba yeyote mwenye wavu wa inchi 5 aje nao, watoto wayapime matundu ya wavu huo kwa rula zao, naye awaeleze samaki yupi hupita hapo na yupi hubaki.