Gari linagoma kuwaka ukitoka sheli? Pima valvu hii kwanza

Karibuni ndugu zangu, leo tupo Ilala. Gari hili likishajazwa petroli haliwaki mpaka ukanyage mafuta, na likiwaka sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inayumba. Mwenyewe ameshauziwa plagi nne na pampu ya petroli. Inaniuma, maana ugonjwa uko kwenye kidude kinachoenea kiganjani: valvu ya mvuke wa petroli.

Kazi yake ni hii. Petroli kwenye tanki inatoa mvuke, na kwa joto la Dar inatoa mwingi. Mvuke ule hauachiwi hewani: unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo la mkaa, mkaa unaushika. Injini ikipata moto, kompyuta inafungua valvu, injini inaunyonya na kuuchoma. Valvu ikikwama wazi, injini inaunyonya muda wote, na ukitoka sheli ndipo mvuke umejaa: unazidi, gari linagoma kuwaka.

Washa injini ikiwa ya baridi. Valvu hii hapa, karibu na menifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwenye injini: mipira miwili, soketi moja ya waya. Chomoa mpira wa upande wa tanki, ziba pua ya valvu kwa kidole. Mnaona? Kidole kinavutwa. Injini baridi, sailensa, haitakiwi kuvuta kabisa. Imekwama.

Zima. Toa waya hasi wa betri, soketi, bolti namba 10. Tayari.

Sasa tulieni. Mpira huu wa upande wa menifoldi, usiuvute. Nasema tena, usiuvute! Umekaukia pale miaka. Niliwahi kuuvuta kwenye gari la mteja, pua ya plastiki ikakatikia kwenye menifoldi, nikanunua menifoldi nzima kwa hela yangu. Zungusha kushoto, kulia, taratibu, mpaka uachie wenyewe. Ukigoma, uchane kwa wembe kwa urefu wake. Mpira mpya wa petroli ni bei ndogo. Ila usivute.

Imetoka. Puliza... hewa inapita bila umeme. Nzima haipitishi mpaka uipe volti 12, nayo hulia "ta!" Ukiipima kwa betri, kaa mbali na petroli, cheche ni hatari.

Subiri, mdogo wangu, sogeza kamera hapa kwenye kitambaa. Hizi punje nyeusi ni mkaa! Kopo limepasuka ndani. Nikifunga valvu peke yake, punje zitaikwamisha tena wiki ijayo. Kwa hiyo tunashuka chini ya gari, tunabadilisha na kopo, na mipira tunaipuliza kwa kompresa.

Mkaa unaharibika hasa kwa kulazimisha petroli. Bunduki ya sheli ikikata, imekata. Ukiongeza ili hela iwe kamili, petroli ya maji inaingia kwenye kopo lililowekwa kwa ajili ya mvuke tu.

Na wewe ambaye kipimo cha kompyuta ya gari kimekusomea namba ya hitilafu P0455, huo ni uvujaji mkubwa wa mvuke: anza na mfuniko wa tanki, angalia mpira wake kama umechanika. Valvu ninazo dukani, lakini pima kwanza ndipo uje.

Nimefunga, tumetoka sheli, tanki limejaa. Sikanyagi mafuta, tazameni mguu. Ufunguo... limewaka.