Bodi ya Gemu Imekufa: Anzia Volti 5
Mhadhara kwa mafundi wa redio na luninga, Mbeya

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi vijana mliotoka chuoni, habari za asubuhi.

Wengi wenu mnashinda soko la Mwanjelwa mkifufua luninga na redio za magari, kwa hiyo sitawafundisha kushika pasi ya kulehemu. Bodi za mashine za gemu za sarafu za miaka ya 1980 hazihitaji ujuzi mkubwa kuliko huo. Kinachowaangusha watu ni utaratibu. Bodi inaletwa mezani imekufa, fundi anaanza kung'oa chipu. Jioni bodi imejaa matundu na ugonjwa uko palepale.

Kabla ya kuwasha, weka mita kwenye omu upime kati ya laini ya volti 5 na graundi. Ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti, na usiwashe. Angalia na pawasaplai: mashine ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma, hutakuwa na cha kutengeneza. Kwa mezani, pawasaplai ya kurekebishika ya volti 5, ampea 5, inatosha bodi nyingi.

Bodi zinazofuata JAMMA, mpangilio wa pamoja wa pini wa mwaka 1985, zina pini 56 ukingoni, 28 kila upande. Volti 5 inaingia pini 3 na 4, volti 12 pini ya 6, graundi ni 1, 2, 27 na 28. Bodi ya gemu ya Pac-Man ya 1980 imetangulia mfumo huo, ina mpangilio wake. Hapo usibahatishe, tafuta mchoro.

Sasa washa, upime volti 5 kwenye mguu wa chipu iliyo mbali na ukingo. Usipime kwenye pawasaplai, itakudanganya. Chipu za 74LS, zile ndogo za mantiki, zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Bodi ikivuta ampea 3 kupitia pini chafu yenye omu 0.1 tu, volti 0.3 zimepotea njiani: tano imekuwa 4.7, na RAM, kumbukumbu ya muda, inaanza kuchanganyikiwa. Wengi hukimbilia kupandisha pawasaplai. Siku pini ikigusa vizuri, volti inaruka juu na chipu zinaumia. Safisha pini kwa raba ya penseli, kisha spiriti. Msasa uacheni, unakula madini yaliyopakwa juu ya shaba.

Umeme ukiwa sawa, nenda kwa prosesa, chipu inayoendesha gemu. Kwa prosesa ya Z80, mguu wa 6 ni mapigo ya saa. Kwenye Pac-Man kristali ni ya MHz 18.432, inagawanywa kwa 6 kupata 3.072. Huna osiloskopu? Mita ya DC itaonyesha wastani, mahali fulani katikati. Ikisimama sifuri au juu kabisa, mapigo hayafiki. Mguu wa 26 ni riseti: baada ya kuwasha unatakiwa ubaki juu. Ukipanda na kushuka bila kukoma, saketi ya ulinzi inamwamsha prosesa kila anapopotea. Mkiilaumu saketi hiyo, mnaonea mlinzi bure. Tafuteni kinachompoteza prosesa.

Kinachompoteza mara nyingi ni ROM, chipu inayohifadhi programu ya gemu, au RAM. ROM nyingi ziko kwenye soketi, na miguu iliyopakwa fedha huwa myeusi. Zitoe, zisafishe, zirudishe. Bodi kadhaa hupona hapohapo. Bodi inayogoma asubuhi ya baridi ya Julai na kuamka saa sita mchana, ishuku soketi au lehemu iliyopasuka. EPROM, yaani ROM inayofutika kwa mwanga, yenye dirisha ifunikwe kwa stika isiyopitisha mwanga. Ukiianika juani siku kadhaa, data inaweza kufutika.

RAM ya 2114 ina miguu 18 na hubeba biti 4 wakati prosesa anasoma 8, ndiyo maana hukaa mbilimbili. Data iko miguu ya 11 hadi 14. Picha ikijaa herufi ovyo lakini gemu inaitikia na sauti inatoka, prosesa ni mzima. Ishuku RAM ya picha.

Chipu za 74LS zinataka subira kuliko zote. Chini ya volti 0.8 ni sifuri, juu ya 2 ni moja. Tokeo linalokaa kwenye 1.5 wakati maingizo yanabadilika ni tokeo lililokatika ndani. Ila angalizo: 74LS245 na wenzake wanaogawana njia ya data huachia njia kwa makusudi, kwa hiyo kwanza hakikisha mguu wa 19, unaoiruhusu 74LS245 kutoa data, uko chini. Chipu za Fujitsu za miaka hiyo zina sifa mbaya kwa ugonjwa huu. Nisingezipita bila kuzipima.

Ukithibitisha chipu imekufa, usiivute nzima. Kata miguu yote karibu na mwili wake, kisha toa mguu mmojammoja kwa pasi ya nyuzi 350 hivi. Mguu wa graundi unanyonya joto, upe muda na lehemu mpya. Weka soketi, pima kila mguu na njia yake, ndipo upachike chipu.

Iache iwake kwa muda wa saa mbili, kisha rudia kipimo cha volti 5 bodi ikiwa ya moto. Sauti tutaigusa kwenye maswali. Kwa kawaida ni kapasita zilizokauka karibu na amplifaya.