Picha ya Vita Iliyochapwa 1890 au Karatasi ya Juzi? Tuikague Pamoja

Haya, karibuni. Leo mezani nina picha moja tu. Sogea karibu na skrini: askari weusi wa Marekani, makoti ya buluu, wanakwea ukuta wa ngome. Ofisa wao mzungu yuko juu kabisa na upanga wake. Hii ni "Storming Fort Wagner", yaani kuvamia Ngome ya Wagner, ya kampuni ya Kurz & Allison ya Chicago, yenye hakimiliki ya 1890. Niliinunua mtandaoni kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni ya enzi hizo. Ngoja tuone.

Hatua ya kwanza, soma maandishi ya chini. Kampuni hii ilitoa picha 36 za mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865. Tafuta jina la pigano, jina la kampuni na mwaka. Yangu inayo yote. Usishangilie bado, maana anayenakili picha hunakili na maandishi yake.

Ya pili, chukua futikamba. Karatasi nzima ya asili ni kama inchi 22 kwa 28. Yako ikiwa saizi ya kalenda ya mezani, basi, tumemaliza. Yangu imefika kipimo, nikapata moyo.

Sasa twende kwenye lenzi, na hapa tusiharakishe. Mimi natumia ile ya fundi saa, ya kubana jichoni. Picha hizi zilichapwa kwa mawe. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe likaloweshwa, kisha likapakwa wino wa mafuta, nao ukashika palipochorwa tu, kwa kuwa maji na mafuta hayapatani. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na karatasi ileile ikarudi mashineni kila mara. Kwa hiyo, kwenye picha ya kweli utaona nukta za mkono: moja nene, nyingine kama vumbi, zimetawanyika bila mpango. Mahali pengine rangi imevuka mstari kwa upana wa unywele, sababu karatasi ilikaa upande kidogo.

Mashine nyingi za uchapaji za siku hizi hazina fujo hiyo. Nukta zao hukaa kwa safu, samawati, waridi, njano na nyeusi, zikijipanga kama vimaua vidogo vidogo.

Haya, naweka lenzi kwenye shavu la askari huyu wa mbele. Unaona? Vimaua vitupu!

Huna ya kulinganishia? Ingia kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, andika jina la picha, pakua faili kubwa la TIFF. Ni bure. Likuze hadi ufike kwenye shavu lilelile.

Ukitaka ushahidi zaidi, azima taa ya kukagulia noti bandia dukani, uzime taa za chumbani. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, zitawaka buluu-nyeupe. Ya 1890 itabaki imefifia. Isipowaka, hiyo peke yake haithibitishi kitu, lakini ikiwaka, dai pesa yako.

Na hata ukiipata ya kweli, usiamini kila kilichochorwa. Kikosi hiki cha pichani, cha 54 cha Massachusetts (jimbo lilelile lililokuwa likileta kitambaa cha merekani Zanzibar, mpaka vita hivi vikaikata biashara), kilishambulia ngome hiyo ya Wagner tarehe 18 Julai 1863, giza likianza kuingia. Kwenye picha ni mchana. Kwamba Kanali Robert Gould Shaw, yule ofisa mwenye upanga, aliuawa ukutani ni kweli. Katika watu wake kama 600, 272 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. William Carney, askari wa kikosi hicho aliyeiokoa bendera yao, alipewa Nishani ya Heshima mwaka 1900, miaka kumi baada ya picha hii kutoka.

Wapo wanaopenda zaidi picha za Louis Prang wa Boston, 18 za miaka ya 1886 hadi 1888, kwa kuwa zimetulia na zina uangalifu. Sawa. Mimi bado nazipenda hizi za Chicago pamoja na chumvi yake, kwa sababu hapa askari mweusi yuko katikati ya picha, hajafichwa pembeni.

Ya kweli usiitundike penye jua, na usiikunje wala kuibandika kwa gundi. Iweke bapa, katikati ya karatasi zisizo na asidi. Hii yangu nimeitundika jikoni, juu ya jiko la gesi. Muuzaji hajajibu ujumbe wangu mpaka leo.